Ukingo wa Dawati

Fundi anawajibika kwa nani? Ukiliuliza swali hili katika baraza lolote la wazee hapa Kidatu, utajibiwa upesi kwamba fundi anawajibika kwa yule anayemlipa. Jibu hilo ni zuri tukizungumzia kitanda, mlango au kabati. Aliyelipa ndiye atakayelala, atakayefungua, atakayeweka nguo zake. Na kazi ikiwa mbovu anajua nyumba ya fundi iko wapi. Lakini liko fungu la kazi ambalo mlipaji si mtumiaji, na dawati la shule ni katika fungu hilo. Halmashauri, kamati au mfadhili hulipa, na mtoto wa darasa la pili ndiye hukaa. Mtoto huyo hakuulizwa. Hatatia sahihi hati ya kupokelea mali, na akichomwa na kibanzi hatamwandikia mtu yeyote barua. Mimi nataka kuandika habari za fundi na mtoto huyu, na hasa habari za mahali padogo wanapokutana bila kujuana, yaani ukingo wa mbao.

Mbao ikitoka kwenye msumeno na kupigwa randa huwa na pembe mraba. Kwa macho inapendeza, na fundi kijana huiona kuwa ndiyo kazi iliyonyooka. Lakini ncha hiyo ya mraba ni mahali dhaifu kuliko pote katika mbao. Nyuzi zilizo katikati ya mbao zimezungukwa na wenzake zinazozishika. Nyuzi za ncha hazina jirani upande wa nje. Zikigongwa kidogo humeguka, na kinachobaki ni vibanzi. Vanishi nayo haitulii juu ya ncha kali. Hukimbilia pande mbili, ikabaki utando mwembamba ambao huisha mapema, na hapo ndipo maji na uchafu huanza kuingia. Mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi haambiwi haya. Ameona dawati lenye umri wa miaka miwili ambalo ukingo wake wa mbele umekuwa kama msumeno, na ameona msichana akijaribu kuinuka huku sketi yake ya sare imenaswa.

Dawa yake inajulikana. Ncha huondolewa, ukingo ukaviringwa. Milimita 3 zinatosha kwa ubao wa kuandikia. Ukingo wa mbele wa kiti, unaokaa chini ya mapaja ya mtoto ambaye miguu yake pengine haifiki sakafuni, unastahili zaidi, hata milimita 10 au 12, kama unene wa mbao unaruhusu. Sisi wa Kidatu hatuna haja ya kufundishwa uzito wa milimita. Reli iliyotoka Kilosa ilijengwa kwa upana wa milimita 1,000, na reli ya TAZARA kwa upana wa milimita 1,067. Na kwa sababu ya hizo 67 mizigo ilibidi ishushwe hapa katika behewa moja na kupakiwa katika jingine.

Wala jambo hili si geni, si la Wazungu, wala si la mashine. Tazama kinu. Katika bonde hili la mpunga, kuanzia hapa hadi Ifakara na ng'ambo ya mto, sijapata kukiona kinu chenye mdomo wa pembe kali. Aliyekichonga kwa tezo alijua kwamba mikono ya mwanamke itapita juu ya mdomo huo kila siku, usiku mwingine gizani, akichota mchele na makapi. Tazama mtumbwi wa mto Kilombero: mahali mvuvi anapoegemeza paja akivuta wavu pamelainishwa tangu siku ya kwanza. Fundi wa kinu na fundi wa mtumbwi hawakusoma chuo chochote cha ufundi. Ila walikuwa na neema moja ambayo fundi wa dawati hana: walimjua mtumiaji. Alikuwa mke, shemeji, binamu, au mtu wa kijiji cha pili ambaye wangekutana naye msibani. Kinu kibaya kingesemwa.

Dawati halisemwi, na hapo ndipo ugumu wa kimaadili unapoanza.

Nieleze kwanza mashine yenyewe, maana bila kuielewa hoja yangu haitashika. Mafundi wetu wanaiita rauta. Ni mota inayoshikwa kwa mikono miwili, imesimama wima juu ya bamba bapa, na chini yake kinatokeza kisu kidogo kinachozunguka mara elfu kumi hadi elfu thelathini kwa dakika, kutegemea mashine na ukubwa wa kisu. Kisu cha kuviringa kingo kina tumbo la robo duara, na mwishoni mwake kuna beringi ndogo. Beringi hiyo hutembea juu ya ubavu wa mbao na kukizuia kisu kisile zaidi ya kipimo. Fundi hulaza bamba juu ya mbao, huwasha, na kusukuma. Anachokiacha nyuma ni ukingo mviringo.

Nikisimulia hivi, mtu atadhani kazi imekuwa rahisi kiasi kwamba mjinga yeyote anaiweza. Sivyo. Kisu, ukikitazama kutoka juu, huzunguka kama mishale ya saa. Kwa hiyo fundi aliyesimama mbele ya ukingo wa mbao lazima asukume mashine kutoka kushoto kwenda kulia, ili meno yakutane na mbao uso kwa uso. Akisukuma kinyume chake, kisu hugeuka gurudumu: hupanda mbao na kuikimbiza mashine mikononi mwake. Tena iko hesabu ya vichwa vya mbao. Upande wa kichwa, ambako nyuzi zimekatwa, hutangulizwa. Ubavu hufuata baadaye. Sababu yake ni kwamba kisu kinapotoka mwisho wa kichwa huelekea kumegua kipande pale pembeni, na kile kilichomeguka huondolewa na mkato wa ubavu unaofuata. Anayeanza na ubavu hubaki na jeraha hilo mpaka mwisho. Akisimama mahali pamoja hata kwa pumzi mbili, mbao huungua na kuacha alama nyeusi ambayo msasa huitoa kwa shida. Akitaka kula milimita 12 kwa mkato mmoja, nyuzi hung'oka. Inampasa apite mara mbili au tatu, na mara ya mwisho ale kidogo sana.

Lipo jingine ambalo limenifikirisha zaidi ya hayo yote. Beringi hufuata ubavu wa mbao ulivyo. Kama ubavu una bonde, ukingo utakuwa na bonde. Kama una nundu, nundu itaonekana. Mashine hainyooshi kitu. Inanakili. Kwa hiyo kijana anayetaka ukingo safi wa rauta lazima kwanza awe amenyoosha ubavu kwa randa, na awe anajua kuusoma mkondo wa nyuzi kwa macho na kwa kidole. Nilipokuwa chuo cha ualimu, wakati Elimu ya Kujitegemea ya 1967 ingali mpya, kazi za mikono zilitukuzwa mno, na walikuwapo wenzetu walioamini kwamba jembe na tezo vina heshima ambayo mashine haina. Mimi sikuwa wa dhehebu hilo wakati ule, wala si wa dhehebu hilo leo. Jasho halina utukufu wake lenyewe. Ninachosema ni kwamba mashine haikuondoa haja ya maarifa ya mkono. Imeiongeza, kwa sababu kosa ambalo randa ingelifanya polepole, fundi akaliona na kusimama, rauta hulifanya kabla hajapepesa.

Basi, mashine imebadilisha nini? Imebadilisha gharama, na ikibadilisha gharama imebadilisha wajibu.

Zamani fundi wa kijijini aliyeacha ukingo mkali alikuwa na udhuru. Kuviringa kingo za dawati moja kwa randa, tupa na msasa ni kazi ya muda mrefu, hasa kama mbao ni mkongo au mninga. Mwenye madawati hamsini ya kukamilisha, na kijana mmoja wa kumsaidia, huwezi kumlaumu sana akiiacha kazi hiyo. Na umeme haukuwapo. Bwawa la Kidatu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake minne ilipokamilika mwaka 1980 ilikuwa na uwezo wa megawati 204. Lakini kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya vijiji kadhaa zikielekea Morogoro na Dar es Salaam, na chini yake fundi akaendelea kusukuma randa. Sasa nguzo zimefika mahali pengi, na rauta imefika pamoja nazo. Fundi mmoja wa hapa, ambaye hufanya kazi karibu na njia ninayopita asubuhi, aliniambia kwamba kingo za madawati kumi, zilizokuwa zikimchukua siku na zaidi, sasa anazimaliza kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana, na hapo amekwisha kusimama mara mbili kuongea na wateja.

Ndugu msomaji, tafakari maana ya jambo hili. Tunapenda kusema kwamba wema unategemea moyo. Ni kweli, lakini unategemea bei pia. Tendo ambalo jana lilikuwa ukarimu, kwa sababu lilimgharimu mtu siku nzima, leo linaweza kuwa deni, kwa sababu linamgharimu dakika chache. Aliye na kisima uani mwake hawezi kujitetea kama aliyeyafuata maji maili tatu. Hajawa mtu mbaya zaidi kwa kupata kisima. Ila udhuru wake umekauka, na mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kulitambua hilo.

Fundi niliyemtaja hakukubaliana nami. Naandika maneno yake kwa sababu ni ya mtu mwenye akili, na kwa sababu hoja ikikosa mpinzani hulegea.

“Shikamoo, Mwalimu,” alisema, kama kawaida yake, na nilipokwisha kuitikia akaendelea. “Wewe unaangalia kingo. Wanaokuja kupokea wanaangalia idadi. Wanahesabu, wanapiga picha, wanaondoka. Mimi nalipwa kwa dawati, silipwi kwa ukingo. Na tena kuna watoto wamekaa chini. Wewe ulikuwa mwalimu mkuu. Ungepewa madawati mia ya kingo kali, au tisini ya kingo laini, ungechukua yapi?”

Hilo ndilo swali lenyewe, na si la kulijibu kwa methali. Kizazi changu cha walimu kimeishi nalo mara mbili. Mara ya kwanza ni baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe shuleni ifikapo 1977. Watoto walikuja. Majengo hayakutosha, walimu hawakutosha, na vikalio vilikuwa magogo, matofali, au sakafu. Mara ya pili ni Januari 2016, elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Watoto walikuja tena kwa wingi. Hayati Rais John Magufuli akaagiza upungufu wa madawati uishe ifikapo tarehe 30 Juni mwaka huo, na Bunge likatoa shilingi bilioni 6 kutokana na fedha lilizokuwa limebana. Nchi nzima iligeuka karakana. Taarifa zilizosomwa zilikuwa za tarakimu: yanayohitajika, yaliyopo, yaliyosalia. Mimi siidharau kazi ile. Aliyeona mtoto wa miaka saba akiandika akiwa amelala kifudifudi juu ya saruji hawezi kuidharau. Mwenye njaa hana miiko, na shule yenye watoto sakafuni ni shule yenye njaa.

Kwa hiyo namjibu fundi hivi. Kama kweli chaguo ni kati ya dawati kali na sakafu, nachukua dawati kali, natia sahihi, na nashukuru. Watoto 30 wanaoinuka sakafuni kwa yale madawati kumi ya ziada, watatu kwa kila dawati, ni watu, na hakuna ulaini wa ukingo unaoweza kuwekwa mbele yao. Lakini ni mara ngapi chaguo huwa hilo? Huo ndio mtego wa swali lake. Mia kwa tisini ilikuwa hesabu ya siku za randa. Kwa maneno yake mwenyewe kuhusu chai ya asubuhi na chakula cha mchana, hesabu ya leo si mia kwa tisini. Iko karibu sana na mia kwa mia. Tumebaki na msamiati wa dhiki baada ya dhiki yenyewe kupungua, na tunautumia kama mtu anayeendelea kutembelea mkongojo mguu ukiwa umepona.

Tena, hata ile hesabu ya zamani ilikuwa na upungufu. Dawati lenye ukingo unaomeguka halidumu kama lile jingine. Na iko gharama ambayo hesabu ya fundi haikuitaja, kwa kuwa hailipwi karakanani. Sketi ikichanika, anayenunua nyingine ni mama anayeuza maandazi stendi. Kibanzi kikiingia kiganjani na kutunga usaha, anayekosa masomo ni mtoto, na anayempeleka zahanati ni bibi yake. Zile dakika ambazo fundi hakuzitumia hazikuokolewa. Zilihamishwa kutoka mabegani mwa mtu mzima mwenye vifaa kwenda kwa mdogo asiye na chochote, tena zikiwa zimeongezeka uzito njiani. Siifahamu dini wala falsafa inayouita uhamisho wa namna hii kubana matumizi.

Lakini hapa sharti nigeuke upande wa pili, maana nimewasikia watu wakihubiri juu ya mafundi kwa namna isiyo ya haki. Fundi analipwa kwa dawati. Zabuni alipewa kwa sababu bei yake ilikuwa ya chini kuliko za wenzake. Kisu cha rauta amekinunua kwa fedha zake, na mbao za bonde hili hazikipendi. Mtiki hasa, huu ambao watu wa pwani waliuita msaji na kuuagiza kutoka ng'ambo kwa majahazi, na ambao tangu miaka ya 1990 umepandwa kwa maelfu ya hekta hapa Kilombero na Ulanga, una chembechembe za silika ndani yake, kama mchanga, zinazokula makali. Kisu kikiwa butu kinaunguza badala ya kukata. Vumbi lake analivuta yeye. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka vumbi la mbao tangu 1995 miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, na bado mafundi wengi ninaowaona hujifunga leso tu, wengine hata leso hawana, na masikio yao hayana kitu dhidi ya kelele ile. Kumwambia mtu huyu kwamba adaiwe wema wote peke yake, bila nyongeza ya senti, ni kuhubiri kwa mfuko wa mwingine. Mlipaji aliyechagua bei ya chini kabisa na kuuliza idadi tu naye ameshiriki kuunoa ule ukingo.

Na yuko fundi asiye na rauta kabisa. Yeye simpimi kwa kipimo kile kile. Lakini hata yeye anaweza kuvunja ncha: kipande cha msasa kilichozungushiwa kibao, mikupuo michache kwa kila ukingo, na ile ncha kali kabisa imekwisha kuondoka. Hautakuwa mviringo mzuri, ila hautachoma. Wajibu hukua na kupungua kwa uwezo, lakini sijaona hali ambayo hupungua mpaka ukaisha.

Nisieleweke kwamba nausifu mviringo kwa ajili yake wenyewe. Nimeona meza zilizoviringwa hadi zikafanana na kipande cha sabuni kilichotumika wiki nzima. Penseli haikai juu yake. Nimeona kingo zimeviringwa hata mahali mbao mbili zinapokutana, ikazaliwa mfereji wa kukusanya taka ambao hakuna kitambaa kinachoufikia. Baya zaidi ni mviringo wa hila. Liko dawati ambalo ukilipapasa linateleza kama hariri, na viungo vyake havina ulimi wala tundu, ni misumari mitupu iliyofunikwa kwa unga wa mbao na gundi. Mikono ya mpokeaji huridhika, naye hatazami ndani. Hapo ulaini umefanywa shahidi wa uongo. Ukingo kwa hiyo si kipimo cha uadilifu wa fundi, ingawa baadhi ya wakaguzi, wakishatambua kwamba nao una maana, wana hatari ya kuufanya hivyo.

Wenzangu walimu hupenda kumfananisha mtoto na mbao: tunamnyoosha, tunamwondoa ncha, tunampaka rangi. Mfano huo siupendi. Mbao haina haki juu ya fundi; mtoto aliyekaa juu yake anayo.

Mwaka uliopita kamati ya shule moja ya huku iliniomba nisome karatasi ya masharti kabla haijatolewa kwa mafundi. Ilikuwa ya ukurasa mmoja: aina ya mbao, unene, urefu, idadi, tarehe ya kukabidhi. Nikapendekeza kiongezwe kifungu kwamba kingo zote zinazoguswa na mwili wa mtoto ziviringwe kwa milimita 3, ukingo wa mbele wa kiti kwa milimita 10, na pamoja na hizo kingo za chini ya kiti. Maana watoto wakihamisha dawati hulishika kwa chini, na huko ndiko mkaguzi hafiki kamwe. Nikapendekeza pia iongezwe fedha kidogo kwa kila dawati kwa ajili ya kazi hiyo.

Kifungu hakikuwasumbua. Fedha ndizo zilizowasumbua. Mzee mmoja mwenye heshima zake alisema kwamba fundi mwaminifu hahitaji kulipwa ili awe mwaminifu. Akina mama wawili wa kamati, ambao wote wana watoto katika shule ile, waliuliza kila sketi ya sare inauzwa bei gani siku hizi, wakajibu wenyewe, wakazidisha. Mjadala ulichukua muda mrefu kuliko nilivyotazamia, na wajumbe wengine walianza kutazama nje. Mwishowe kifungu kilipita, na nyongeza ikapita ikiwa nusu ya ile niliyoitaja.

Kazi alipewa fundi wangu wa njiani. Alipoisoma karatasi alicheka, akaniita kwa mbali, akasema kwamba huko chini ya kiti rauta haiingii dawati likishaunganishwa. Itambidi abadilishe utaratibu wa kazi, aviringe mbao zote kwanza mezani, zikiwa zimebanwa kwa klampu, ndipo aunganishe. Nilimwuliza kama hilo ni taabu kubwa. Akafikiri kidogo, akasema si taabu, ni mazoea. Kilichomhangaisha ni jingine: mbao walizoletewa ni mtiki, kisu chake kimoja kitaisha makali kabla ya dawati la thelathini, na ile nusu ya nyongeza haifiki bei ya kisu cha pili.

Suala hilo limerudi kwa kamati.